Tawi Kwenye Mashua ya Perina

Kila Jumamosi, bahari ikikubali, Shangazi Perina alikuwa akija mjini kwa makasia kununua mkate. Ungemwona akitokea nyuma ya rasi, kitambaa cheusi kichwani, amesimama wima ndani ya mashua yake Danica, uso mbele, akisukuma makasia kwa uzito wa kifua kama tulivyofundishwa sisi watu wa kisiwa hiki. Wanaokaa chini na kwenda kinyumenyume ni watalii. Alifunga kamba gatini mwenyewe, na ole wake aliyejaribu kumpa mkono.

Mkate nilimwuzia mimi. Nilimwekea mikate miwili mikubwa na kipande cha mkate wetu wa dagaa na vitunguu, ule ambao watu wa upande wa pili wa kisiwa wanaupika bila nyanya, Mungu awasamehe. Alikionja kile kipande palepale mbele ya wateja, akasema, "Chumvi imepungua." Alimwambia hivyo mama yangu, na mama alipokufa akaniambia mimi. Siku moja nilizidisha chumvi makusudi mpaka mwenyewe nilikunja uso nilipoonja. Perina akatafuna taratibu, akameza. "Afadhali," akasema. "Lakini bado."

Kwao ni Gustirna, kighuba kilichojikunja ndani ya mwamba, hata ukipita nje na boti huwezi kukiona kama hukijui. Bura, ule upepo wa kaskazini unaokata masikio, ukivuma mjini na kung'oa vigae, Gustirna unawasha kiberiti kimoja na kinawaka hadi kwenye vidole. Mabaharia walilijua hilo kabla Yesu hajazaliwa. Walichimba kisima cha kukingia mvua, ambamo Perina bado anachota maji, na wakatoboa tundu kwenye mwamba wa majini la kufungia merikebu zao, na kwenye tundu hilohilo Perina anafunga Danica. Waliwahi kuja maprofesa na mitungi ya kuzamia, wakakuta chini kumejaa vigae vya mitungi ya divai ya zamani. Wakamwambia kwa heshima kubwa kwamba lile tundu lina zaidi ya miaka elfu mbili.

"Najua ni la zamani," akawajibu. "Kamba zangu zote zinalika upande wa kushoto."

Zamani Gustirna kulikuwa na kaya kadhaa na nyumba ya kutia dagaa chumvi. Watu wakaenda Amerika, wakaenda Chile, wakaenda makaburini. Moshi ukabaki unatoka kwenye bomba moja tu. Kaka zake Perina nao waliondoka mmoja mmoja, na kijana aliyemposa akatangulia California kuvua samaki, kisha akamtumia tiketi ya meli. Tiketi ikarudi ilikotoka. Nilimwuliza siku moja kwa nini. "Aliniandikia kwamba huko pia kuna bahari," akasema. "Ndipo nikajua kwamba hajanielewa."

Sikucheka, kwa sababu nilijua habari ya Misri. Wakati wa vita, wanawake na watoto wa visiwa vyetu walipakiwa melini wakapelekwa kuishi kwenye mahema huko jangwani. Perina alikuwa binti mdogo. Mchanga kwenye uji, mchanga kwenye nywele, mchanga mdomoni wakati wa sala. Usiku ule wa kwanza alikula kiapo kwamba Mungu akimrudisha, hatalala tena maishani mwake mahali ambapo haisikii bahari ya kwao ikipumua. Mungu akamrudisha. Baadaye kaka yake wa kwanza alipoondoka, Perina alichukua kasia lake kwenye mashua ya ushirika, enzi ambazo mwanamke kuingia kwenye mashua ya dagaa ilikuwa mkosi. Wavuvi walitema mate. Nyavu zilipojaa, wakaacha kutema.

Sasa magoti yake yamekwisha. Kutoka Gustirna hadi barabarani kuna njia moja tu ya nchi kavu, nayo ni ya mbuzi, inapanda jabali kama ngazi ya mlevi. Danica ndiyo iliyokuwa miguu yake. Ana mpwa, Jakša, mtoto wa kaka yake aliyerudi kutoka Amerika, anayeishi Split, mjini bara, kwenye ghorofa ya nne. Si mtu mbaya, Jakša. Kila Jumapili alimpigia simu kumwomba ahamie kwake, na kila Jumapili alijibiwa vilevile: "Siku nisipokuwa na Danica, nitakuja." Na Perina hana maneno mawili. Kisiwa kizima kinajua.

Basi sasa sikilizeni walichokifanya wanaume wetu.

Kila tarehe sita Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikola, tunamchomea mashua nzee mbele ya kanisa lake kule mlimani. Wanaume wanaibeba mabegani kutoka gatini, inachomwa, na majivu yake yanawekwa chini ya mkuku, ule uti wa chini wa mashua zitakazoundwa. Ndivyo tulivyofanya sikuzote. Taabu ni kwamba mashua za mbao zinakwisha. Siku hizi ni plastiki tupu, na plastiki huwezi kumchomea Mtakatifu, itamtoa machozi. Mwaka ule ninaousimulia, mashua iliyoahidiwa iliuzwa na watoto wa marehemu kwa hoteli fulani, ikawekwa kando ya bwawa la kuogelea, ikajazwa barafu na kamba wa kula. Novemba ikawa inakwisha na chama cha Mtakatifu Nikola hakina cha kuchoma.

Mwenyekiti wa chama ni mume wangu, Prošper. Walikaa jikoni kwangu yeye na Padri Lovre, wakinywa kahawa yangu na kushusha pumzi.

"Imebaki Danica," alisema Prošper.

"Danica ipi?" nikauliza.

"Kwani unazijua ngapi?"

"Ile inafanya kazi bado."

"Imezeeka."

"Hata wewe umezeeka, mbona sijakuchoma?"

Padri Lovre alikohoa ndani ya kikombe. Prošper akanitazama kwa ule uso wake wa mwenyekiti. "Ni heshima, mke wangu. Baba yangu tawi lilipofungwa kwenye mashua yake alilia kwa furaha."

"Baba yako alikuwa na nyingine mbili. Mmemwuliza Perina?"

"Nani amewahi kuulizwa?"

Hapo alisema kweli, na ukweli huo ndio uliowapofusha. Kwetu mashua ya Mtakatifu haiombwi. Wanaume wanakwenda na tawi la mzeituni, wanalifunga kwenye gubeti, pua ya mashua, mwenye mashua anawamiminia divai, yamekwisha. Tawi likishafungwa mashua si yako tena. Hakuna anayeikanyaga, na mkono utakaolifungua tawi utakauka. Tangu wanaume hawa wawe watoto, kila aliyefungiwa tawi alikuwa mtu mwenye mashua ya kufa na mashua nyingine ya kwenda baharini. Haikuwajia akilini hata kidogo kwamba anaweza kuwapo mtu mwenye moja tu.

Nilikwenda nao kwenye boti. Nilisema nampelekea mkate, lakini hasa nilijua pale patahitajika mtu mwenye akili. Perina alituona tukiingia ghubani akafurahi, maskini, alidhani tumekuja kumsalimu. Alipiga kelele kutoka juu tusikae kwenye mawe yenye maji, akaingia ndani kututafutia divai na tini kavu. Nilimfuata kumsaidia vikombe. Tulipotoka, yeye mbele na sinia, Prošper alikuwa ameshakaza fundo.

Perina aliliona tawi. Alisimama.

"Hongera, Shangazi," alisema mmoja wa wanaume, na wote wakavua kofia.

"Divai imeshamiminwa," akasema Perina. "Kunyweni."

Walikunywa. Yeye hakuketi wala hakunywa. Sinia lilipokuwa tupu, akamgeukia mume wangu. "Prošper, uliniona naingia ndani?"

"Nilikuona, Shangazi."

"Nilikawia sana?"

"Hapana."

"Basi ungeningoja," akasema.

Mimi niliyekuwa na mengi ya kusema niliyatunza njia nzima mpaka nyumbani, ambako Prošper aliyapata yote bila kupunguziwa.

Siku ya pili Jakša alinipigia simu dukani. Habari zilikuwa zimeshavuka bahari. Sauti yake ilijaa furaha, nami sikuweza kumlaumu, maana mtu aliyehangaikia shangazi yake miaka yote ile, akimwota ameanguka peke yake kwenye mawe, ana haki ya kufurahi.

"Nimenunua godoro jipya," aliniambia.

"La nini?"

"La Shangazi. Nakuja kumchukua siku ya sikukuu, kwa meli ya asubuhi."

"Amekubali?"

"Si alisema mwenyewe? Siku asipokuwa na Danica, atakuja. Mungu mwenyewe ameamua, tena bila ugomvi."

Niliweka simu nikabaki nimeshika unga mkononi. Ilinichoma moyo. Ningependa kusema nilimwonea huruma Perina tu, lakini nilijionea huruma na mimi pia. Nilijaribu kuifikiria Jumamosi bila ya mtu wa kuniambia chumvi imepungua, nikashindwa.

Jumamosi hakuja, bila shaka. Mashua ya Mtakatifu haikanyagwi. Nikafunga mkate kwenye kitambaa nikashuka ile njia ya mbuzi, na kila jiwe nililojikwaa nilimtukania Prošper, na mawe ya pale ni mengi. Nilimkuta Perina ameketi kando ya maji, anaitazama Danica ikicheza kwenye kamba yake na tawi lake puani.

"Mbona hukukataa?" nikamwuliza hata kabla sijakaa.

"Nimkatalie nani? Prošper ningemkatalia kabla kahawa yake haijapoa. Lakini yule mwingine," akaonyesha juu kwa kidevu, "yule nimemwomba mara nyingi mno. Ile dhoruba iliyonikuta karibu na kisiwa cha Biševo, nani alinisikia? Huwezi kula kwa mtu miaka yote, halafu siku anapopita kwako ukajifanya haupo."

Nikamwuliza kukoje huko ghorofa ya nne.

"Kuzuri. Kuna joto. Jakša anasema ukisimama juu ya kiti unaiona bahari."

"Juu ya kiti?"

"Bafuni."

Tulitazamana. Tukacheka mpaka nikashika mbavu, tukacheka mpaka machozi, na mimi nilipofuta yangu niliona yake hayajakoma na wala si ya kicheko tena.

"Naogopa, mwanangu," akasema. "Kufa siogopi. Naogopa kuamka mahali ambapo sijui upepo unatoka wapi."

Nikanyanyuka. Nikasema nalifungua hilo tawi sasa hivi, na Mtakatifu akitaka ugomvi aje dukani. Nilikuwa nimeshaivuta kamba, mashua imekaribia, aliponishika kifundo cha mkono. Ana nguvu bado.

"Huu ndio unaokandia unga," akasema. "Uache."

Akaniketisha, akakata mkate, tukala. Alikuwa amegeuka sasa, ameipa bahari mgongo, anaitazama nyumba. Aliitazama muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka kitu. Kisha akaanza kunifukuza. "Nenda, kunakuchwa mapema. Na mwambie Prošper asije kuivuta Danica na boti lake. Nitaileta mwenyewe."

"Shangazi, hairuhusiwi kukanyagwa."

"Mwambie hivyohivyo."

Asubuhi ya sikukuu mji mzima ulikuwa gatini. Prošper alivaa joho la chama, Padri Lovre alishika maji ya baraka, na Jakša alisimama pembeni na sanduku kubwa jipya, tupu, la kutilia nguo za shangazi yake. Bahari ilikuwa shwari, lakini upande wa kaskazini kulikuwa na ule weupe juu ya milima ya bara, na kila mtu alijua kwamba kesho bura itashuka.

"Yule kule!" alisema mtu.

Danica ilikuwa imetokea nyuma ya rasi. Perina amesimama ndani yake, kitambaa kichwani, anasukuma makasia kama Jumamosi yoyote.

"Ameikanyaga," alisema Prošper kwa sauti ndogo, na wanawake wakafanya ishara ya msalaba. Halafu ilipokaribia tukaona mawili mengine. Kwenye gubeti hakukuwa na tawi. Na mashua ilikuwa imezama chini mno, maji karibu yavuke ukingo. Ilikuwa na shehena, imefunikwa kwa tanga kuukuu.

Alifunga kamba. Akalivuta tanga. "Pokeeni," akawaambia wanaume.

Wakapokea. Kwanza ulitoka mlango, mlango wa nyumba yake, na komeo lake la chuma. Kisha mbao za madirisha. Kisha kitanda, kimefunguliwa vipande vipande. Tawi la mzeituni lilikuwa limefungwa kwenye komeo.

Prošper aliutazama mlango, akamtazama Perina. "Shangazi, huu ni mlango."

"Nashukuru, macho yako bado mazima."

"Mtakatifu anachomewa mashua."

"Na hiyo ni mashua. Geuza."

Wakaugeuza. Upande wa ndani ulikuwa mweusi kwa lami ya zamani, na kwenye maungio ya mbao bado kulikuwa na kalafati, zile nyuzi za kuzibia maji, na matundu ya misumari yamejipanga mahali ambapo mataruma, mbavu za mashua, yalishikilia. Mbao zenyewe zilikuwa na upinde. Nikakumbuka jinsi mlango ule ulivyokuwa haufungi sawasawa, na jinsi ambavyo hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

"Tuliporudi kutoka Misri," alisema Perina, akiwaambia wote, "nyumba haikuwa na mlango, wala dirisha, wala kitanda. Vita vilikuwa vimekula kila ubao. Mashua ya baba ilikuwa ufukweni, ubavu umetoboka. Ilikuwa mashua ya kuchomwa ile, zamu yake ilifika kabla hatujaondoka, kila mtu alijua. Baba akasema Mtakatifu ana kanisa lenye mlango, sisi tunalala na upepo. Akaikata. Akaapa atampa nyingine. Hakumpa. Kaka zangu hawakumpa. Miaka yote hii mimi nimelala juu ya kitu cha Mtakatifu, nikakisahau. Mkono mtupu haulambwi, sikuja mtupu. Nimemletea chake. Changu naomba aniachie."

Padri Lovre alitazama juu, kama kwamba huko kuna mtu wa kumsaidia. Prošper alipiga magoti kwenye joho lake, akapitisha kiganja juu ya maungio taratibu, ubao kwa ubao.

"Na tawi?" akauliza, bado amepiga magoti. "Nani amelifungua?"

"Mimi."

"Shangazi, mkono wako..."

"Mkono huu umeshaliwa na chumvi, umevunjika mara mbili na ndoana imepita katikati. Akiutaka auchukue, lakini ajue anachukua mtumba."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine, na kicheko kikaenda mpaka nyuma. Prošper hakucheka. Aliingiza bega lake chini ya ncha moja ya mlango, akanyanyuka. "Shikeni," akawaambia wanaume wake. "Kwani hamjawahi kubeba mashua?"

Waliibeba mpaka kanisani, mlango, madirisha na kitanda. Walizisimamisha mbao zile zikiegemeana, na sijui kama walikusudia au ilitokea tu, zikawa na omo na tezi kama mashua. Lami ya zamani ilishika moto haraka. Harufu iliyotoka niliijua, ni ya karakana ya mashua nilipokuwa mtoto, na sikuwa nimeinusa tena tangu karakana ifungwe. Nililia bila kujificha. Perina alisimama karibu kuliko wote, joto likimpiga usoni. Mbao za kitanda zilipoanguka alisema, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "Hapo ndipo alipofia baba." Hakulia. Alitengeneza kitambaa chake kichwani, akaanza kushuka mlima polepole, akiwa ameushika mkono wangu kwa sababu ya magoti.

Jakša alitufuata na sanduku lake. "Shangazi, sasa utalala wapi? Leo ni Desemba. Nyumba haina mlango!"

"Ina kuta."

"Haina hata kitanda."

Perina akasimama, akampapasa shavu, yeye mtu mzima wa miaka hamsini. "Jakša, mwanangu. Nilisema nitakuja siku nisipokuwa na Danica. Nenda gatini ukaangalie kama haipo."

Jakša akaketi juu ya sanduku lake katikati ya njia, watu wakampita kulia na kushoto. "Nimenunua godoro," akasema kwa unyonge.

"Basi lilete," akasema Perina. "Nitalihitaji."

Nilimwacha gatini nikakimbia dukani kumchukulia mkate, maana alitaka kuondoka kabla upepo haujabadilika. Nilipokata kona nikasimama. Duka lilikuwa wazi, wazi kabisa. Bawaba zilikuwa zimebaki ukutani na mlango haupo, unga unapeperuka mezani. Nikadhani nimeibiwa. Nikachukua mikate, nikarudi gatini mbio, huku nikiita jina la Prošper ili aje akamate wezi.

Prošper alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, amevaa joho lake la chama, anaushusha mlango wa duka langu ndani ya Danica.

Tumeishi pamoja tangu nikiwa msichana na sijamsikia hata mara moja akimwomba mtu radhi. Hata siku ile hakuomba. Aliulaza mlango vizuri, akaufunika kwa tanga ili kioo kisivunjike, akafunga kamba, akakagua fundo mara mbili.

"Huo ni mlango wangu," nikamwambia.

"Kuna turubai nyumbani."

"Bura inakuja!"

"Nitasimama mimi mlangoni," akasema, na hakunitazama, kwa hiyo nikajua macho yake yalikuwaje.

Perina aliutazama mlango, akamtazama na yeye. "Huu unafunga sawasawa?"

"Unafunga, Shangazi."

"Itabidi niuzoee," akasema.

Jakša aliingia mashuani na viatu vyake vya mjini, kwa sababu lazima awepo mtu wa kuupachika mlango ule. Perina akampa kasia moja na amri nyingi. Nikampa mkate. Nikabaki nimeshika ukingo wa mashua mpaka aliponigonga vidole nikaachia.

Niliuza mkate nyuma ya turubai mpaka baada ya Krismasi, na bura ilinitendea ilivyopenda. Mpaka leo wapo wateja wanaoniuliza mlango wa zamani uliokuwa na kioo na kengele ulikwenda wapi. Nawaambia uko Gustirna. Kama wanautaka, waende wakagonge, mwenyewe yupo nyumbani.